Mjane wa Tunda

Kanyada, Homa Bay
30 Mei 1999

Kwa Mama Idil,

Desturi ni barua kuanza kwa kuulizana hali. Sitakuuliza hali yako, na wewe ukijibu usiniulize yangu. Hatujuani. Naitwa Rael, mke wa Paul Okinyi, aliyekuwa tarishi Nairobi katika lile jengo lililoporomoka tarehe saba Agosti mwaka jana, bomu lilipolipuka pale ubalozini. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe Kijaluo hukijui na mimi Kisomali sikijui, na ninayotaka kusema sitaki mtu wa katikati ayapunguze makali.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano hapo Migori wa kupanga siku ya kuwakumbuka waliokufa. Binti yangu Mourine, anayefundisha shule ya msingi huko kwenu, alihudhuria kwa niaba yangu. Walikubaliana kwamba tarehe saba kila familia ije na udongo kidogo kutoka kwenye kaburi la mtu wake, umwagwe kwenye shina la mti mmoja utakaopandwa. Wazo zuri kwa wenye makaburi. Mimi kaburi nililo nalo halina mtu. Tulimtafuta Paul katika mochari zote za Nairobi tukarudi mikono mitupu, na wazee wakafanya kama wanavyofanya mtu wetu akipotea kabisa. Walikata yago, lile tunda refu na zito la mwegea ambalo hakuna mtu anayelila, wakalivika shati lake, wakalizika kando ya nyumba yangu kama mtu. Nililia mbele ya tunda, Mama Idil. Nikanyolewa nywele kwa ajili ya tunda. Mimi ni mjane wa tunda.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae chini kuandika. Katika mkutano ule shemeji yako Abdirahim alisimama akaeleza walivyomwosha ndugu yake Mahmud, mume wako. Alisema simenti ilikuwa imemsaga kuanzia kiunoni kwenda chini, uso ulikuwa umevimba hautambuliki, na kwamba mlipuko ulimng'oa meno sita ya mbele ya chini lakini ya juu ukayaacha yote. Hata mdomo haukupasuka, alisema, na hiyo aliiona ni ajabu ya Mungu. Mourine anasema ukumbi mzima ulinyamaza. Shemeji yako alidhani watu wameshikwa na huzuni. Haikuwa huzuni. Kila Mjaluo wa makamo aliyekuwemo alikuwa akimtazama mwenzake.

Muulize mzee yeyote hapo sokoni kwenu ni watu gani walikuwa wakiwang'oa vijana wao meno sita ya chini. Paul aling'olewa zamani, kabla sijamjua, pamoja na rika lake lote. Si bomu lililoyang'oa.

Mmemzika mume wangu. Nataka arudi kwake kabla ya tarehe saba.

Rael, mke wa Paul Okinyi


Duka la Vitambaa, Suna Migori
9 Juni 1999

Mama Mourine,

Barua yako imefika ikinuka omena, hao dagaa wenu wa ziwani, na maneno yaliyomo yananuka zaidi. Hukuniuliza hali, basi sitakuambia jinsi watoto wangu walivyoniona nikiisoma.

Mume wangu alikwenda Nairobi kuchukua mzigo wa duka. Ilikuwa Ijumaa. Aliniambia akimaliza shughuli zake mjini atasali msikiti mkuu kisha apande basi. Hakupanda. Abdirahim alimtafuta, na siku ya tatu akampata. Alimtambua kwa urefu wake, mvi zake, na kaunda suti ya kijivu aliyoshonewa na fundi wetu hapa hapa barazani. Akamleta, wanaume wakamwosha, wakamswalia, wakamzika siku hiyo hiyo kama dini inavyotaka. Sisi hatuachi maiti alale wiki mbili watu wakila ng'ombe na kupiga ngoma.

Unajua watu wangapi walipoteza meno siku ile? Wako waliopoteza macho yote mawili. Wako waliopoteza watoto. Na wewe unakuja na hesabu ya meno, eti Mungu akiumba pengo ni lazima pengo hilo liwe la Mjaluo. Bomu halikuuliza kabila la mtu kabla ya kumvunja mdomo.

Kama mlifika mochari kwa kuchelewa, kosa ni lenu, msitutupie sisi. Pole kwa kufiwa, hilo nalisema kwa sababu nililelewa vizuri kule Isiolo. Lakini usilete tunda lako kwenye kaburi la mume wangu. Waambie wazee wako walinyunyizie maji, labda litaota.

Asli, mke wa Mahmud


Kanyada, Homa Bay
17 Juni 1999

Mama Idil,

Omena unayoinusa ndiyo iliyomsomesha Mourine mpaka akawa mwalimu. Endelea kunusa.

Unaniambia habari ya kaunda suti ya kijivu. Paul alikuwa nayo. Hakimu aliyenisikiliza jana anayo. Nikisimama stendi ya Homa Bay asubuhi moja nitakuhesabia waume zako hata uchoke.

Lakini meno sita ya Paul hayakuwa ya kila mtu, kwangu mimi. Watoto wakiwa wadogo alikuwa akiwachungulisha ulimi kwenye lile pengo, akiuingiza na kuutoa, nao wanacheka hadi wanaanguka. Mwaka alipougua taya likakaza, nilimnywesha uji kupitia hapo kwa majuma mawili, tone kwa tone, na akapona. Mama yake aliniambia hiyo ndiyo kazi ya pengo. Mdomo ule naujua kuliko ninavyoujua wangu. Jino likivunjwa na jiwe, mdomo hupasuka kwanza, na mzizi hubaki. Hata mtoto anajua hivyo. Shemeji yako aliona mdomo mzima na pengo safi, akaita ajabu, kwa sababu hajawahi kukaa na Mjaluo meza moja amtazame anavyokula. Mmefanya biashara na sisi miaka yote hiyo bila kututazama usoni.

Sasa nikuulize swali moja, nawe unijibu kwa jina la huyo Mungu mnayemtaja kila baada ya neno. Wewe ulimwona? Mourine ameuliza kwa majirani zako akaambiwa kwamba wanawake wenu hawaendi makaburini. Ulimwona uso huyo mliyemzika, au umelia mwaka mzima juu ya maneno ya shemeji?

Usinitishe kwa ukimya wala kwa wakili. Serikali siiogopi, naijua vizuri. Mwaka 1982, Agosti pia, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, ndugu yangu Ogalo alikuwa mmoja wa wanajeshi hao lakini siku hiyo hakuwa kambini. Alikuwa likizo. Walisema mtu asiyekuwepo ana la kuficha. Walimkuta kwa mama yetu, wakamtoa getini mama akitazama, na mpaka leo hatujui walimlaza wapi. Miaka mingi nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi zao nikimwulizia. Benchi la korti ya Migori halitanichosha.

Nimeshapeleka ombi kaburi lifunguliwe.

Rael


Suna Migori
26 Juni 1999

Mama Mourine,

Umeuliza kwa jina la Mungu, nakujibu. Sikumwona. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Nilisikia maji yakimwagwa uani, kisha nikasikia wanaume wakitoka, na hapo ndipo nilipojua amekwenda. Makaburini sijafika hata siku moja. Umefurahi?

Sasa na mimi nikuambie kitu ambacho binti yako hakukikuta kwa majirani.

Wiki ile ile ya bomu polisi walikuja dukani. Walirudi tena mwezi uliofuata. Walipekua mizigo ya vitambaa kwa visu, wakakanyaga leso mpya kwa viatu, wakauliza mwenye duka alikwenda Nairobi kufanya nini, alilala kwa nani, alionana na nani. Nilikuwa nimevaa nguo nyeupe za eda, nao wananiuliza kama mtu anayeuliza bei. Aliyewajibu si mimi. Ni kaburi. Abdirahim aliwapeleka wakaliona, wakaandika, wakaondoka. Tangu hapo mume wangu ni mmoja wa waliouawa. Jina lake liko pamoja na la mumeo.

Ukilifungua kaburi lile ukasema aliyemo ni wako, Mahmud atakuwa nani? Nisaidie. Mwanamume Msomali aliyekuwa Nairobi siku hiyo, asubuhi hiyo, na hana kaburi, huko kwenu anaitwa nani? Hapa sokoni tayari wapo wanaolitema jina hilo nikipita. Idil yuko kidato cha tatu na kuna wasichana darasani wanaosogeza viti anapokaa. Hapo ni baba yake akiwa na kaburi.

Wewe ukikosa kaburi watu wanakupa pole, na wazee wako wanakwenda porini kukutafutia tunda. Mimi nikikosa kaburi, shemeji yangu anapandishwa gari la polisi na duka linafungwa.

Tena kwetu maiti akishazikwa hafukuliwi. Ni kumvunjia heshima. Unataka kufanya hivyo kwa sababu ya udongo wa kumwaga kwenye mti. Sikuombi, Mama Mourine. Sijawahi kumwomba mtu anayenidharau. Nakuambia tu unachoshika mkononi, ili siku ukikiangusha usije ukasema hukujua.

Asli


Kanyada, Homa Bay
12 Julai 1999

Mama Idil,

Katika barua yako ndefu nimetafuta mahali uliposema kwamba aliyelala pale ni Mahmud. Sikupaona. Umesema polisi, umesema duka, umesema shule. Kwa hiyo na wewe unajua.

Hakimu ametoa amri. Kaburi litafunguliwa Alhamisi tarehe 29 asubuhi, mbele ya afisa wa afya na polisi. Mimi ndiye nitakayetambua.

Mashemeji zangu wamekataa kuja. Wanasema mtu wao walishamzika, na kuleta maiti wa pili kwa jina lile lile ni kuita kifo nyumbani. Wamesema nikija naye wasimkute mlangoni. Basi nitampitisha mlangoni humo humo. Nakuja na Mourine peke yake.

Shida zako na polisi ni zako. Walipomchukua Ogalo hakuna duka lolote la Msomali lililofungwa kwa ajili ya kutulilia. Mliendelea kuuza.

Rael


Suna Migori
31 Julai 1999

Mama Mourine,

Umeshiba sasa?

Abdirahim amenieleza yote. Jinsi walivyomfukua mume wangu kama muhogo, mchana kweupe, watoto wa soko wakiwa juu ya ukuta. Jinsi afisa wa afya alivyoziba pua akarudi nyuma, na wewe ukashuka mwenyewe, ukapiga magoti, ukamfunua sanda usoni, ukamtia mkono mdomoni. Mdomoni, wewe mwanamke. Abdirahim aligeuka hakuweza kutazama. Anasema ulikaa pale muda mrefu kiasi kwamba alidhani umezimia. Kisha ukasimama ukasema, "Si yeye."

Maneno mawili. Mwaka mzima wa msiba wetu umeupekua, umetupeleka kortini, umetuita wezi wa maiti, umetukana dini yetu na biashara yetu, halafu maneno mawili ukajifuta mikono na kwenda stendi. Hukusema pole. Hukusema nilikosea. Abdirahim alikuita akupe maji unawe, na hukugeuka.

Polisi aliyekuwepo alimpa Abdirahim mkono walipomaliza kumfukia. Ni mara ya kwanza mmoja wao kumshika mkono bila kumvuta. Kwa hilo nakushukuru, ingawa hukukusudia. Ulikuja kunivua nguo ukaniacha nimevaa vizuri zaidi. Sasa imeandikwa kortini, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba aliyelala pale si mwingine ila Mahmud.

Tarehe saba Abdirahim atakuja na udongo wa kaburi la ndugu yake. Nami nitakuwepo upande wa wanawake, nitatazama. Wewe lete udongo wa tunda lako. Mti hauna ubaguzi.

Sikusamehe. Ningetamani kukusamehe ili nipate usingizi, lakini nikifumba macho nauona mkono wako. Usiniandikie tena.

Asli


Kanyada, Homa Bay
10 Agosti 1999

Mama Idil,

Umenikataza kuandika. Hii ni ya mwisho. Ukishaisoma ichome, na usimwonyeshe mtu, hata Abdirahim.

Asubuhi ile ya tarehe 29 palikuwa na mtu mmoja ambaye shemeji yako hakukutajia, au labda alikutajia ukaona si kitu. Hakuwa na sare. Alikuwa ameegemea Landrova na faili kwapani. Kabla wachimbaji hawajaanza alimwita Abdirahim kando, nami nilikuwa karibu, nikasikia. Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza sukari, "Mama huyu akisema ni wake, wewe na vijana wako mtapanda gari. Mtatueleza huyo Mahmud yuko wapi." Nilimwona Abdirahim akitafuta mfuko wa koti lake kwa mkono na asiupate.

Nikatazama getini. Mourine alikuwa amebaki huko. Kando yake kulikuwa na msichana wa shule, sketi ya kijani, kitambaa cheupe kichwani, ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mama yangu alishika geti vile vile siku waliyomtoa Ogalo. Hata baada ya gari kwenda hakuachilia, ikabidi tumfungue vidole.

Nilishuka. Wengine walirudi nyuma kwa harufu na mimi nikapiga magoti. Ni kweli nilitia mkono mdomoni. Nilipitisha kidole pale chini, kutoka upande huu hadi upande ule. Hapakuwa na kisiki cha jino hata kimoja. Mfupa ulikuwa laini, umejifunga tangu ujana wake. Ningemjua gizani. Ni Paul, Mama Idil. Ni yeye, na kaburi hilo lako ni lake.

Nilikaa kwa muda, shemeji yako hakudanganya. Nilikuwa nikimweleza Paul. Nilimwambia kwa lugha yetu, midomo ikiwa imefungwa, kwamba nimekuja kumchukua na sitamchukua. Nilimwomba anivumilie. Kisha nikasimama nikasema si yeye, na afisa wa afya aliponisogelea nikamnong'oneza kwamba mizizi ya meno ipo, haya yamevunjika. Hakushuka kuhakikisha. Hakuna aliyeshuka. Yule wa faili alifungua mlango wa Landrova, akaingia.

Usidhani nilikufanyia wewe. Wewe sikupendi, na barua yako ya mwisho haikuniongezea upendo. Uliniandikia wazee wangu walinyunyizie tunda maji liote. Hayo hayatatoka kichwani mwangu. Nilifanya kwa sababu yule mtu alikuja na njaa, na wenzake walishamla Ogalo wa nyumbani kwetu. Sikutaka ale mwingine kwa mkono wangu.

Sikugeuka kunawa kwa sababu mkono ule nilikuwa sitaki kuuosha.

Tarehe saba nilikuja, ukaniona. Uligeuza uso. Abdirahim aliitwa kabla yangu. Nilisimama na kopo langu nikamtazama mume wangu akimwagwa kwenye shina la mti kwa jina la mtu mwingine, na watu wakasema amina. Kisha mimi nikaitwa kwa jina la Paul, nikamwaga udongo wa tunda. Kasisi akasema roho yake sasa imepumzika. Mashemeji wamefurahi, wanasema nimepata akili. Mourine ananionea haya, najua. Anaamini nilimburura kortini kwa ajili ya kichaa changu. Sitamwambia. Ana mdomo mwepesi, na anakaa mjini kwenu.

Nataka kitu kimoja, na hiki sikiombi. Nakuambia, kama ulivyoniambia wewe. Kila tarehe saba Agosti nifunguliwe geti la makaburi yenu. Niingie peke yangu nikae naye. Chai yenu sitaki. Salamu zenu sitaki. Wanaume wenu wakiuliza, waambie ni yule mwanamke mwenye kichaa wa Homa Bay anayekuja kuomba radhi.

Rael, mke wa Paul Okinyi


Suna Migori
19 Agosti 1999

Mama Mourine,

Barua nimeichoma kwenye jiko la mkaa. Niliisoma mara nyingi kwanza.

Ufunguo wa geti uko dukani, umening'inia nyuma ya mlango. Siku hiyo ukija, uchukue. Hutalazimika kunisalimia.

Jana nilimwambia Abdirahim anipeleke makaburini. Alishangaa, lakini alinipeleka. Nilimwacha nje. Kaburi ni dogo kuliko nilivyodhani mwaka huu wote. Sikujua nisimame upande gani wala niseme nini, kwa sababu maneno yote niliyokuwa nimeyaweka yalikuwa ya Mahmud. Nikamwambia tu mumeo kwamba mke wake ana ulimi mbaya. Nadhani alishajua.

Mahmud tumemswalia swala ya asiyekuwepo, mimi na watoto, mlango ukiwa umefungwa. Kama amelala mahali, labda kuna watu wanafagia hapo wakidhani ni mtu wao. Namwomba Mungu iwe hivyo, na kama mwanamke wa boma hilo atajua siku moja, awe mtu kama wewe. Usijivune. Bado sijakusamehe kwa ule mkono, ingawa sasa naelewa ulikuwa unashika nini.

Mourine anakuletea kopo la Kimbo lililofungwa kwa kamba. Nimemwambia ni dawa ya miguu, asilifungue. Ni udongo wa kichwani pake, nimeuchota kwa mkono wangu. Umwage pale kando ya nyumba yako, juu ya lile tunda, ukiwa peke yako.

Sikukupa wote. Kiganja kimoja nimebaki nacho, kiko kabatini chini ya nguo za eda. Usinidai. Mwaka mzima nimemlilia huyo wako, na sasa sijui nitaanzaje kumlilia mwingine.

Asli